Tusikuze breka, tupunguze mzigo

Wiki hii nimeona niyaweke kando mambo makubwa ya dunia, nizungumzie waya mmoja uliomo ukutani katika nyumba ya mama yangu, Majengo, hapa Moshi. Waya huo nusura uunguze watu tisa wakiwa usingizini. Haukuwa uchawi, wala haikuwa husda ya jirani. Tulijitakia wenyewe.

Nyumba yenyewe wengi wenu mnaijua hata kama hamjawahi kufika. Ni nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko na choo. Anakaa mama, dada yangu na wanawe, na wapangaji wawili na watu wao. Luku ni moja. Nyumba za namna hiyo zimejaa Majengo na Pasua, zimo Ngamiani kule Tanga na Kariakoo Dar es Salaam. Zilipotiwa umeme, mzigo uliotarajiwa ulikuwa ni taa, redio na pasi ya Ijumaa. Leo nyaya ni zile zile, lakini ndani kuna friji, runinga, birika la umeme, jiko la umeme, na kwetu sisi kuna kompyuta ya gemu.

Kompyuta hiyo ni ya mpwa wangu. Aliijenga kidogo kidogo, kifaa hiki leo na kile mwezi ujao, vingi vikiwa vya mtumba. Mchana huitumia kuhariri video za harusi na za mawaidha, na kazi hiyo inamsaidia mama yake kulipa ada. Usiku hucheza gemu na wenzake. Najua msomaji mmoja ameshanyanyua kalamu aniulize hukumu ya michezo hiyo. Masuala ya kupoteza Swala, ya kamari na ya picha zisizofaa ni mazito na yanastahili makala yake. Leo nazungumzia madhara ya moto, ambayo hayachagui kama kompyuta ilikuwa inahariri mawaidha au inacheza mpira.

Mambo yalianza Ramadhani. Soketi zote za nyumba ile zilikuwa kwenye breka moja ya ampea 16. Siku tatu mfululizo, muda wa kufuturu, breka ikaanguka na nyumba ikaingia giza, uji mezani na watu wanapapasa tende. Mpangaji akasema ni kompyuta ya yule kijana. Kijana akasema ni jiko la mpangaji. Dada akasema ni birika. Mwezi wa toba ukageuka mwezi wa kununiana. Siku ya nne akaitwa fundi wa mtaani, akatoa breka ya 16 akaweka ya 32, akalipwa, akaenda zake. Umeme haukukatika tena, na watu wakashukuru kwamba fitina imekwisha.

Haikupita wiki. Mama aliamka kwa ajili ya tahajudi akasikia harufu ya plastiki. Aliifuata harufu hadi ukumbini, nyuma ya kabati, akakuta soketi imegeuka rangi ya kahawia na plagi ya ekstensheni imeyeyuka na kugandana nayo. Breka ya 32 ilikuwa imetulia tu, haina habari. Mama alizima swichi kuu kwanza, kisha akaamsha watu. Asubuhi nilipofika, na baada ya mpwa wangu kuniamkia huku macho yakiwa chini, mama alisema neno moja ambalo sijalisahau: "Mlikuwa na mlinzi anapiga kelele kila siku, mkamfukuza kwa sababu ya kelele zake."

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo somo lote, na yaliyobaki ni maelezo yake. Breka haikuwekwa ili umeme uwake wakati wote. Iliwekwa ilinde waya. Waya una uwezo wake, na uwezo huo hauongezeki kwa kubadilisha namba iliyoandikwa kwenye breka. Ukiweka breka kubwa juu ya waya ule ule, unachofanya ni kumwambia mlinzi asipige kelele mpaka nyumba iwe imeanza kuungua. Kadhalika wale wanaofunga kipande cha waya mnene mahali pa fyuzi. Breka ikianguka, swali la kwanza liwe: nani anavuta zaidi ya uwezo wa waya?

Hesabu yenyewe

Mimi si fundi wa nyaya, bali nimetunza kompyuta za maofisi miaka mingi, na hesabu hii haihitaji chuo. Umeme wetu ni volti 230. Chukua wati za kifaa, gawa kwa 230, unapata ampea. Tukakaa ukumbini na karatasi. Birika wati 2,000. Jiko la umeme la mpangaji 1,500. Pasi 1,200, maana kuna anayenyoosha kanzu ya tarawehe. Friji tukaipa 150, runinga 100. Kompyuta na skrini yake tukaipima, nikieleza hapa chini tulivyopima, ikawa 432. Jumla ni wati 5,382, yaani ampea zaidi ya 23 kwenye breka ya 16. Breka ilikuwa inasema kweli.

Mpwa wangu alipoona karatasi akasema, "Mjomba, si unaona? Birika ni karibu mara tano ya kompyuta yangu." Na katika hilo hakukosea. Ila birika linachemka dakika tano kisha linazima. Kompyuta inavuta saa tano mfululizo. Kwa saa tano wati 432 ni sawa na kuchemsha birika lile mara 13 hivi. Waya haupati moto mara moja, hupata moto kwa kukaa na mzigo. Kompyuta ya gemu ndiyo inayokaa na waya usiku kucha, na wengine wakija juu yake wanaukuta tayari una joto.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Joto ndani ya waya halipandi sawasawa na ampea, hupanda kwa mraba wake. Ampea zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ndiyo maana kupunguza kidogo kuna faida kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Na jambo la tatu ni la jioni, umeme unapokuwa hafifu, hali ambayo ndugu zetu wanaokaa mwisho wa laini kule milimani wanaijua. Volti zikishuka, pasi na birika huvuta kidogo na kazi yao huzorota. Kompyuta haifanyi hivyo. Pawa saplai yake inataka wati zile zile, kwa hiyo volti zikipungua yenyewe huongeza ampea. Kompyuta ya wati 432 inavuta ampea 1.9 kwenye volti 230, na 2.4 kwenye volti 180. Saa ambayo laini imechoka ndiyo saa ambayo kompyuta inazidisha kuivuta.

Kupima bila kununua kitu

Kama mita yako ya luku ipo mahali unapoiona, tazama kitaa kidogo kinachopepesa. Kando yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila uniti. Kwetu iliandikwa 1,000, maana yake kila mpepeso ni wati-saa moja. Tulizima kila kitu isipokuwa kompyuta, mpwa wangu akaanza kucheza, mimi nikahesabu kwa dakika tano. Ikapepesa mara 36. Dakika tano ziko 12 katika saa moja, basi 36 mara 12 ni 432. Hiyo ndiyo kompyuta yake. Kwenye pawa saplai palikuwa pameandikwa 750, na dada yangu muda wote aliamini inakula 750. Sivyo. Namba ile ni kikomo cha uwezo wa kutoa. Kompyuta huvuta kulingana na kazi inayofanya, kwa hiyo hata kununua pawa saplai ndogo hakupunguzi matumizi.

Kisha tukaanza kupunguza, hatua kwa hatua, tukihesabu mipepeso kila mara.

Hatua ya kwanza ilikuwa fremu. Gemu huchora picha nyingi kila sekunde. Skrini ya mpwa wangu inaonyesha picha 60 kwa sekunde na si zaidi. Tulipotazama, kompyuta ilikuwa inachora 140. Kwa maana hiyo picha 80 kila sekunde zilichorwa, zikaliwa umeme, na jicho halikuziona. Nikamwambia, hii ndiyo israfu tunayoisoma madrasa, ila leo umeiona na namba yake. Akajitetea kwamba fremu nyingi humwongezea mtu wepesi anaposhindana. Ni kweli kwa kiasi kidogo, lakini hakuwa kwenye mashindano. Akaweka kikomo cha 60 ndani ya gemu lenyewe. Gemu nyingi zina sehemu hiyo, na programu za kadi za NVIDIA na AMD nazo zinayo. Mipepeso ikashuka kutoka 36 hadi 27.

Hatua ya pili ilikuwa kadi ya picha. Hiyo ndiyo mlaji mkuu katika kompyuta ya gemu. Yake ni GTX 1080 Ti, ambayo kiwandani ilipangiwa wati 250. Wanaotafuta kadi wajue kwamba hazilingani: GTX 1650 ilipangiwa 75, RTX 4060 imepangiwa 115, na RTX 3080 ni 320. Lakini hata uliyonayo unaweza kuipangia mpaka. Programu ya MSI Afterburner ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kadi za kampuni nyingine. Ina mstari ulioandikwa Power Limit. Tuliuvuta kutoka 100 hadi 70. Viwanda huzisukuma kadi hadi ukingoni ili zishinde kwenye majaribio, na pale ukingoni kasi ndogo ya ziada hugharimu umeme mwingi, kwa sababu matumizi ya chipu hupanda kwa mraba wa volti zake. Volti ikiongezwa asilimia 10, matumizi hupanda asilimia 21 kabla hata hujahesabu kasi yenyewe. Ndiyo maana ukiishusha kadi kidogo, umeme unapungua sana na mchezo unapungua kidogo. Mipepeso ikawa 23.

Hatua ya tatu ilikuwa prosesa. Katika Windows, kwenye mipangilio ya kina ya umeme, kuna kiwango cha juu cha kazi ya prosesa. Ukikishusha kutoka asilimia 100 hadi 99, prosesa nyingi huacha ile kasi ya ziada inayokula umeme na kuleta joto. Tukapunguza na mwanga wa skrini. Mipepeso ikawa 21, sawa na wati 252.

Tumetoka 432 hadi 252 na hatukutumia hata senti. Mpwa wangu alicheza nusu saa akitafuta kilichopungua, kisha akasema jambo pekee aliloliona ni kwamba feni hazipigi kelele tena.

Hatua ya mwisho ni ya adabu tu. Ukienda kuswali Isha, usiache gemu kwenye menyu. Menyu isiyo na kikomo cha fremu inaweza kuvuta karibu sawa na mchezo wenyewe. Ilaze kompyuta au izime.

Kwa mfuko wa nyumba nako kuna faida. Saa tano kila siku kwa siku 30, wati 432 ni uniti karibu 65. Wati 252 ni uniti karibu 38. Tofauti ni uniti 27. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, ambayo EWURA iliitangaza mwaka 2016 kabla ya kodi na tozo, hizo ni takriban shilingi 7,900 kwa mwezi. Na wenye UPS ndogo ya VA 650, ambayo mara nyingi hubeba chini ya wati 400, sasa inaweza kuishika kompyuta umeme ukikatika, ambapo kabla ingezima papo hapo.

Mudi moja ya maji

Kijana aliniuliza swali zuri. "Mjomba, kama kiwanda kimeipa kadi wati 250, si haki yake kuzitumia?" Nikamkumbusha hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Je, udhu wake ulikuwa pungufu? Hasha. Ulikuwa ndio udhu kamili kuliko wetu sisi tunaofungulia bomba mpaka miguu ya mwenzetu inalowa. Kukamilika kwa kazi ni jambo moja na wingi wa kinachotumika ni jambo jingine. Gemu lilikamilika kwa wati 252. Zile 180 zilizozidi hazikuwa haki ya mtu, zilikuwa moto uliokaa ukutani kwa bibi yake.

Na kuhusu moto wenyewe Mtume (s.a.w.) hakutuacha. Amepokea Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kwamba nyumba moja mjini Madina iliungua usiku na watu wake wakiwa ndani, na habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba moto ni adui yetu na akaamuru tuuzime tunapolala. Taa za wakati ule zilikuwa za mafuta. Leo moto wetu umejificha ndani ya waya nyuma ya kabati, hauonekani, lakini uadui wake haujabadilika. Anayeacha kompyuta inawaka juu ya ekstensheni dhaifu na kwenda kulala, atafakari hadithi hiyo.

Zamu ya mfongo

Hata hivyo nisimdanganye msomaji kwamba kompyuta peke yake ilitosha. Tukiondoa zile wati 180 katika jumla yetu ya jioni bado tunabaki na ampea zaidi ya 22. Hapo lilihitajika jambo jingine, na jibu lake nililipata mlimani.

Idd mosi tulipanda Machame kwa ndugu wa upande wa mama. Mpwa wangu alimsimulia babu habari ya breka. Mzee hajui wati wala ampea, lakini alicheka akasema, hilo ni jambo la mfongo. Kwa wasioujua, mfongo ni mfereji ambao Wachagga tangu zamani huuchimba kutoka kwenye mito ya Kilimanjaro, ukapita vihambani kumwagilia migomba na kahawa. Mfongo ni wa watu wengi na upana wake ni mmoja. Wote wakifungulia kwa pamoja, wa chini hapati kitu, na kingo zikielemewa hubomoka na kila mtu hukosa. Kwa hiyo kuna zamu, kuna siku za kukarabati kwa pamoja, na anayefungulia nje ya zamu yake huulizwa mbele ya watu. "Ninyi," akasema mzee, "mlipanua mlango wa mfongo mkasahau kingo."

Tukarudi mjini tukaweka zamu. Birika haliwashwi jiko la umeme au pasi vikiwa vinawaka. Saa moja kabla ya Maghrib hadi baada ya futari, kompyuta haichezi. Tuliita fundi mwenye leseni ya EWURA, akabadilisha soketi iliyoungua, akakagua waya, akarudisha breka ya 16. Ekstensheni ikabaki na kompyuta na runinga tu. Sasa hata kijana akiwa na video ya haraka muda huo, birika, friji, runinga na kompyuta iliyopunguzwa ni wati 2,502, chini ya ampea 11. Joto ndani ya waya limeshuka kuliko lilivyokuwa kwa zaidi ya mara nne. Breka haijaanguka tena, na mpangaji na mpwa wangu wanasalimiana.

Watu wengine watasema, umeme sasa upo, kwani mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulianza mwaka 2024 na bwawa lote limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Alhamdulillah. Lakini wingi wa umeme Rufiji haunenepeshi waya wa Majengo. Bahari ikijaa, kikombe chako hakiongezeki ukubwa.

Ndugu yangu, kabla ya wiki kwisha fanya mambo matatu. Fungua kisanduku cha breka usome namba, na kama iliwahi kubadilishwa kwa sababu "ilikuwa inasumbua", mwite fundi anayejua. Gusa plagi ya kompyuta baada ya saa moja ya kazi, na ukiikuta ya moto, zima. Kisha kaa na kijana wako, usimgombeze, hesabuni mipepeso pamoja. Wangu alijifunza maana ya israfu kwa kuhesabu kuliko kwa makaripio yangu yote.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Waya wa nyumba moja, wenye wazee, watoto na wapangaji, ni amana ya wote wanaolala chini ya dari hilo.

Wabillahi tawfiq.